Anayekuuzia Programu Akitaka Kukuuzia na Ulinzi

Ankara ya usalama wa kompyuta ikifika mezani kwako, usianze na jumla iliyo chini. Soma mstari mmoja mmoja, na kwa kila mstari jiulize: hapa nalipia kosa la nani? Ipo mistari inayolipia kazi halali ya kuwazuia wezi. Ipo pia inayolipia kuziba matundu ambayo muuzaji mwenyewe aliyaacha katika bidhaa uliyokwisha kuinunua. Yote huandikwa "usalama", bei hupangwa kwa dola, na anayetia sahihi mara nyingi ni mhasibu, mwalimu mkuu au mwenye zahanati ambaye hakuna aliyewahi kumweleza tofauti.

Mwongozo huu ni wa mtia sahihi huyo. Swali lake ni moja: je, kampuni iliyotengeneza mfumo ninaoutumia niiamini pia inapotaka kuniuzia zana za kuulinda? Jibu langu ni kwamba iaminiwe kwa baadhi ya mambo, na kwa mengine isilipwe hata senti. Nitaitaja Microsoft mara nyingi. Sababu si kwamba wengine ni malaika, kama utakavyoona mbele. Ni kwamba kompyuta nyingi za ofisi zetu zinaendeshwa na Windows, na mwenendo wa kampuni hiyo katika jambo hili uko wazi kwa zaidi ya miaka 20.

Kosa la kiwandani halilipiwi

Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilizagaa duniani kikizizima na kuziwasha kompyuta za Windows ovyo. Kiliingilia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa mwezi uliotangulia. Ndani ya msimbo wake aliyekiandika aliacha ujumbe kwa Bill Gates, akimtaka aache kuchuma pesa arekebishe programu zake. Mtu anayeharibu mali za wenzake hana haki ya kumpa yeyote mawaidha. Hata hivyo maneno yale yaliwagusa wengi, kwa kuwa miezi miwili tu kabla ya hapo Microsoft ilikuwa imetangaza kuinunua teknolojia ya GeCAD, kampuni ya Romania iliyotengeneza antivirasi. Na Januari 2002 Gates mwenyewe alikuwa amewaandikia wafanyakazi wake waraka akiwaambia kwamba panapokuwa na mvutano kati ya kuongeza vikorombwezo vipya na kuimarisha usalama, usalama utangulie.

Hapo kampuni moja ilikuwa imejitwika kazi mbili: kurekebisha bidhaa yake, na kuuza ulinzi wa bidhaa hiyohiyo. Ukimwita fundi aliyeezeka paa lako likavuja, naye akafika na ndoo za kukuuzia, hutamuuliza bei ya ndoo. Utamwambia apande juu. Kiraka kinachoziba kosa la kiwandani ni deni la mtengenezaji, na deni halina bei ya rejareja.

Makampuni hayasemi waziwazi kwamba yanauza viraka. Mambo hayo hutokea pembeni, katika programu zilizozeeka. Chukua WannaCry, kirusi kilichoanza kufunga mafaili ya watu na kudai malipo tarehe 12 Mei 2017, kikafika nchi zaidi ya 150 na kuzilazimisha hospitali za Uingereza kuahirisha upasuaji. Kwa matoleo ya Windows yaliyokuwa bado yanahudumiwa, kiraka kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7 ambayo hawakuisasisha, na hapo lawama ni ya kugawana. Kwa Windows XP hali ilikuwa nyingine. Huduma yake kwa umma ilikoma 2014, lakini viraka viliendelea kutengenezwa kwa wateja waliolipia mkataba maalumu. Kiraka cha tundu lile kilikuwapo. Umma ulikipata bure baada ya kirusi kwisha kusambaa.

Sidai kwamba mtengenezaji aihudumie programu moja hadi siku ya kiyama. Kutengeneza viraka ni kazi, na wanaoifanya wanalipwa mishahara. Ninachodai ni kwamba tarehe ya mwisho ijulikane siku ya kununua, na kwamba kiraka kilichokwisha kutengenezwa kwa tundu linaloshambuliwa hadharani kisifichwe nyuma ya mkataba. Asiye nacho haumii peke yake. Kompyuta yake ikitekwa, hutumika kuwashambulia wengine.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa viraka vya bure kwa Windows 10, na ofisi zetu zimejaa laptopu za mtumba, zile ambazo Nairobi huitwa "ex-UK", ambazo haziwezi kupanda kwenda Windows 11 kwa njia rasmi. Sharti la Windows 11 ni kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, hiyo ni takribani kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo kabla hujamlipa muuzaji wa Kariakoo au Luthuli Avenue, washa mashine, fungua sehemu ya mipangilio inayotaja mfumo, usome jina la prosesa. Ukiona "i5-6" au "i5-7" ikifuatiwa na tarakimu nyingine tatu, unanunua kizazi cha 6 au cha 7. Punguza bei au ondoka.

Kama mashine unazo tayari, zipo njia kadhaa na bei zake zinatofautiana mno. Mtu binafsi anaweza kulipa dola 30 apate viraka hadi Oktoba 2026, au avipate bila kulipa akikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake kwenye hifadhi yao ya mtandaoni. Wakazi wa nchi za Ulaya walipewa masharti nafuu zaidi baada ya watetezi wa walaji kuishinikiza kampuni. Linganisha na ulichopewa wewe, kisha jiulize kwa nini sisi hatushinikizi. Ofisi inatozwa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka kwa miaka mitatu. Shule zinazokubaliwa katika mpango wa elimu hutozwa dola 1, kisha 2, kisha 4. Mwalimu mkuu asiyelijua hilo anaweza kuuziwa kwa bei ya ofisi, na muuzaji asimwambie neno.

Maoni yangu: kwa ofisi, kulipa dola 61 ni sawa iwapo tu unanunua muda wa kubadilisha mashine ndani ya mwaka huo. Ukishafika mwaka wa pili utakuwa umelipa dola 183 kwa kila mashine, ambazo zingekuwa sehemu kubwa ya bei ya laptopu nyingine ya mtumba iliyo bora. Na mashine inayotumika kwa kuandika barua, kusoma barua pepe na kufungua tovuti inaweza kuwekwa mfumo endeshi mwingine, Linux Mint, bila gharama ya leseni. Mkufunze karani mmoja vizuri, naye atawafunza wengine.

Kumbukumbu zako ni zako

Kuna deni la pili ambalo wanunuzi hawalioni hadi siku ya balaa. Kila mfumo unaweza kuandika kumbukumbu za matukio: nani aliingia, saa ngapi, kutoka wapi, akafungua barua ipi. Siku ukiibiwa, hayo ndiyo maandishi pekee yatakayokuambia kilichochukuliwa. Makampuni mengi yamezoea kuyagawa kwa madaraja, ya juujuu kwa leseni ya kawaida na ya kina kwa leseni ya bei kubwa.

Mwaka 2023 tuliona gharama yake. Kundi la wadukuzi ambalo Microsoft ililihusisha na Uchina na kuliita Storm-0558 lilikuwa limeupata ufunguo wa Microsoft wa kutia saini, uliotengenezwa 2016. Kwa ufunguo huo lilijitengenezea vibali na kuingia katika barua pepe za watu kana kwamba ndio wenyewe. Mashirika 22 na watu zaidi ya 500 waliingiliwa, akiwamo Waziri wa Biashara wa Marekani wa wakati huo, Gina Raimondo. Kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani pekee zilichukuliwa barua pepe zipatazo 60,000. Microsoft haikuwa ya kwanza kugundua. Wizara hiyo ndiyo iliyogundua mwezi Juni, kwa kuwa ilikuwa inalipia leseni ya juu yenye kumbukumbu za kina, na wataalamu wake walikuwa wameandika kanuni yao wenyewe ya kuwaarifu barua zinaposomwa kwa namna isiyo ya kawaida. Mteja wa leseni ya kawaida aliyeingiliwa kwa njia hiyohiyo hakuwa na pa kuangalia.

Fikiria maana yake. Ufunguo ulikuwa wa Microsoft, mfumo wa Microsoft, kosa la Microsoft. Na uwezo wa kuliona kosa hilo ulikuwa bidhaa ya ziada. Januari ya mwaka huohuo mkuu wa kampuni, Satya Nadella, alikuwa amewaambia wawekezaji kwamba biashara yao ya usalama imevuka dola bilioni 20 katika miezi 12. Baada ya kelele, Julai 2023 kampuni ilitangaza kwamba kumbukumbu nyingi zaidi zitapatikana bila malipo ya ziada na kwamba muda wa kawaida wa kuzihifadhi utatoka siku 90 kuwa 180. Aprili 2024 bodi ya Marekani inayochunguza matukio ya usalama wa mtandao iliandika kwamba uvamizi ule ungeweza kuzuiwa, na kwamba utamaduni wa usalama ndani ya Microsoft ulihitaji kufumuliwa upya. Mwezi uliofuata Nadella aliwaagiza wafanyakazi wake watangulize usalama mbele ya kila kitu. Ni agizo lilelile la 2002, miaka 22 baadaye.

Kwa hiyo unapozungumza na muuzaji wa programu yoyote ya mtandaoni, iwe ya barua pepe, ya uhasibu au ya kusajili wagonjwa, muulize leseni ya kawaida inahifadhi kumbukumbu kwa siku ngapi, na kama unaweza kuzipakua mwenyewe bila kumwomba mtu. Muulize kama uthibitisho wa hatua mbili umo ndani ya bei hiyo. Muulize pia kama wafanyakazi wako wanaweza kuingia kwa akaunti moja ya ofisi. Hili la mwisho linaonekana dogo, ila programu nyingi hulificha katika leseni ghali, na ndilo linalokuwezesha kumfungia mfanyakazi aliyeacha kazi milango yote kwa mpigo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya inayo ya 2019. Zote zinakubebesha wewe wajibu wa kulinda taarifa za wateja wako. Ukitakiwa kueleza nini kiliibwa, jibu la kwamba leseni yetu haikuwa na kumbukumbu halitakusaidia.

Ulinzi dhidi ya watu wa nje

Tukitoka kwenye madeni, tunafika kwenye kazi ambayo kweli inaweza kuuzwa: kumkamata mwizi anayeleta uovu wake mwenyewe. Faili lenye kirusi kwenye flashi ya mteja, barua pepe ya uongo inayojifanya ya benki. Hapo mtengenezaji wa mfumo hana hatia ya moja kwa moja. Je, auze?

Microsoft ilijaribu. Mwaka 2006 ilianza kuuza Windows Live OneCare kwa dola 49.95 kwa mwaka, kwa kompyuta tatu. Symantec na McAfee walilalamika kwamba mwenye mfumo anataka kuwafungia nje washindani huku akijiachia nafasi mwenyewe. McAfee ililipia hadi tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la Financial Times. Kumbe tatizo kubwa zaidi lilikuwa bidhaa yenyewe. Katika majaribio huru ya mwaka 2007 OneCare ilishika mkia. Mwishoni mwa 2008 kampuni ilitangaza kwamba itaacha kuiuza, na Septemba 2009 ikatoa antivirasi ya bure badala yake. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, ulinzi huo ukawa ndani ya mfumo kwa jina la Defender.

Leo maabara kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huipa Defender alama zinazolingana na za antivirasi nyingi za kulipia. Wengi husema ni kwa sababu ya pesa na muda. Mimi naona sababu nyingine imechangia. Antivirasi ilipokuwa bidhaa ya dukani, kila habari ya kirusi kipya ilikuwa tangazo la biashara kwa muuzaji. Ilipokuwa sehemu ya mfumo, kila kompyuta iliyoambukizwa ikawa aibu na hasara ya mwenye mfumo. Kipimo ninachokushauri utumie kwa muuzaji yeyote kimetoka hapo: mashambulizi yakiongezeka kesho, huyu ataingiza pesa zaidi au atapoteza? Anayepoteza pamoja nawe ana sababu ya kukulinda hata usipomsimamia.

Kwa mtu binafsi na ofisi ndogo, basi, Defender iliyomo inatosha mara nyingi, ila kwa masharti ambayo miongozo ya Ulaya huyapita haraka. Sehemu kubwa ya nguvu yake hutoka kwenye seva za Microsoft. Kompyuta isiyo na intaneti hugundua virusi vichache zaidi, na majaribio ya AV-Comparatives yameonyesha hivyo mara kwa mara. Kama duka lako la kuchapisha linapokea flashi za wateja mchana kutwa na bando huwashwa kwa kuibia, Defender pekee ni dhaifu kwako. Hapo kulipia antivirasi inayofanya vizuri bila mtandao ni matumizi halali ya pesa. Ripoti za maabara hizo mbili zinasomeka bure. Katika zile za AV-Comparatives tafuta safu inayoonyesha ugunduzi bila intaneti, usiishie kwenye nyota na medali za mbele.

Laptopu nyingi huja na antivirasi ya majaribio ya siku chache. Inapokuwapo, Defender hukaa pembeni. Kipindi kikiisha, mashine huanza kukutisha kila asubuhi kwa madirisha mekundu. Usilipe kwa hofu. Iondoe kabisa, zima na uwashe, kisha hakikisha Defender imerudi kazini. Na kamwe usiweke antivirasi mbili zifanye kazi kwa pamoja. Hugombana, kompyuta ikawa nzito, na ulinzi hauongezeki.

Asiye na mfumo wa kuuza naye achunguzwe

Kuna wanaosema suluhisho ni rahisi: usinunue ulinzi kwa aliyetengeneza mfumo, nunua kwa kampuni ya usalama pekee. Ningependa liwe kweli. Lakini antivirasi ni programu kama nyingine, imeandikwa na watu wanaokosea, na hupewa mamlaka makubwa ndani ya mashine kuliko karibu programu yoyote.

Aprili 2010 sasisho la McAfee lililidhania faili halali la Windows XP kuwa kirusi na kuliondoa, kompyuta za maofisini zikawa zinajizima na kujiwasha bila kukoma. Mwaka 2016 Tavis Ormandy, mtafiti wa Google, alionyesha matundu katika bidhaa za Symantec na Norton mabaya kiasi kwamba ilitosha kumtumia mtu barua pepe; hakuhitaji hata kuifungua, kwa kuwa antivirasi yenyewe iliikagua na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows kwa asubuhi moja, ndege zikabaki viwanjani na hospitali zikarudi kwenye karatasi. CrowdStrike haitengenezi mfumo endeshi. Ilikuwa ndani ya kiini cha mfumo wa mwenzake, na ilipokosea, mfumo wote ukaanguka nayo.

Kisa cha Avast kinaniuma zaidi, kwa sababu hakikuwa ajali. Kampuni hiyo ya Prague ilitoa antivirasi ya bure iliyopendwa sana, na huku kwetu ilikuwa kwenye mashine nyingi. Wakati huohuo ilikusanya historia ya tovuti ambazo watu walizitembelea na, kupitia kampuni yake tanzu Jumpshot, kuiuza kwa makampuni zaidi ya 100. Jumpshot ilifungwa Januari 2020 baada ya waandishi wa habari kuifichua, na Februari 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na haitauza tena taarifa za aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Watu waliweka mlinzi ili wasichunguliwe, naye akawachungulia. Kwa hiyo ukipewa antivirasi ya bure na kampuni ambayo haina kingine inachouza, soma inapata wapi mishahara. Ikishindwa kukueleza kwa sentensi mbili, usiiweke kwenye kompyuta yenye taarifa za wagonjwa au za wanachama wa SACCOS.

Uliza na swali la nchi. Marekani iliagiza ofisi zake za serikali kuu kuondoa programu za Kaspersky, kampuni ya Urusi, mwaka 2017, kisha 2024 ikapiga marufuku mauzo yake nchini humo. Wewe huna lazima ya kubeba ugomvi wa Washington na Moscow. Lililo muhimu kwako ni kwamba serikali inaweza kukata masasisho ya ulinzi wako ndani ya miezi michache kwa sababu zisizokuhusu, na hilo linaweza kutokea kwa bidhaa ya nchi yoyote, ya Marekani ikiwamo. Kabla ya kununua, jua utahamia wapi na itachukua siku ngapi.

Usimwachie mmoja kila kitu

Ushauri ninaoutoa kwa msisitizo ni huu: hata ukimwamini mtengenezaji wa mfumo, nakala rudufu zisiwe kwake. Kama barua pepe, mafaili, ulinzi na uhifadhi vyote viko chini ya akaunti moja ya msimamizi kwa kampuni moja, aliyeiba nenosiri hilo amepata ofisi nzima, na akifuta, anafuta na nakala. Nunua diski mbili za nje. Moja ikae nyumbani kwa mkurugenzi au kwenye kasha la benki, nyingine ofisini, zibadilishane kila wiki, na isiwepo hata moja inayobaki imechomekwa usiku kucha. Jaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye diski hiyo kila mwezi. Ofisi nyingi zina nakala ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua.

Yaliyobaki hayahitaji maelezo marefu, na yote ni ya bure: ruhusu masasisho yajiweke hata kama yanakula bando, karani atumie akaunti isiyo ya msimamizi, hatua mbili ziwekwe kwenye barua pepe kabla ya kitu kingine chochote. Na Windows ya kuchakachua iondoke. Programu za kuichakachua mara nyingi hukuamuru uzime antivirasi kwanza, na mtu usiyemjua anapokuomba uzime ulinzi ili akupe zawadi, tayari amekujibu swali la kama umwamini.

Ukishayafanya hayo, rudi kwa muuzaji wako na umtake aandike mambo machache kwenye mkataba. Tarehe ambayo viraka vitakoma, kwa siku, mwezi na mwaka. Kwamba viraka vya usalama havitatozwa kabla ya tarehe hiyo. Siku za kuhifadhi kumbukumbu na namna ya kuzitoa. Muda atakaotumia kukuarifu akivamiwa yeye, ukihesabiwa kwa saa. Na namna utakavyozichukua taarifa zako zote, katika faili linalofunguka kwenye programu nyingine, siku utakapoondoka.

Muuzaji wa hapa atakuambia kwamba masharti hupangwa makao makuu na yeye hana la kubadili. Mara nyingi ni kweli. Mwombe basi akupe waraka wa makao makuu unaosema hayo, akuonyeshe ukurasa wenyewe, uuchapishe na kuuambatisha kwenye jalada la ankara. Asipoweza kuupata, nunua leseni ya mwaka mmoja tu. Atakupa punguzo nono ukitia sahihi ya miaka mitatu. Likatae, na uandike kwenye kalenda ya ofisi tarehe iliyo miezi mitatu kabla ya leseni kuisha, ili siku ya kujadiliana tena uwe bado na muda wa kuhama.